Maji ya Picha ya Mwinamo

Wanaosema saa inakwenda hawajawahi kuchora kwa rangi za maji. Saa haiendi popote. Karatasi ikiwa mbichi ni leo, ikikauka ni jana, na kati ya hizo mbili kuna kitambo kidogo ambacho mchoraji anaweza kufanya neno: kuvuta wingu kushoto, kufifisha mlima, kuuachia mto ukate kona. Kitambo hicho kikipita, kimepita. Ukirudi na brashi juu ya karatasi iliyokwisha kukauka, unachofanya si kuchora tena, ni kubishana. Mimi nimebishana sana maishani mwangu, na karatasi zote zimenishinda.

Nayasema haya mwanzo ili msinikatize mbele, maana mambo yenyewe yalitokea katika alasiri moja iliyokaa siku tatu, na najua wapo watakaosema hilo haliwezekani. Katika nchi yetu linawezekana. Jua lilisimama juu ya bega la mlima wa Mwinamo nilipoilowesha karatasi, na halikuondoka pale mpaka karatasi ilipokauka. Kuku walichanganyikiwa. Shangazi yangu alipika chakula cha mchana mara tatu, na mara zote tatu alinung'unika kwamba sili.

Nilikuwa mchoraji wa Nyumba ya Sura. Kwa asiyeijua, Nyumba ya Sura ni jengo refu la mawe lisilo na madirisha, kwa sababu kuta zake zimejaa picha na hapakubaki pa kutoboa. Humo zimetundikwa picha za mahali: mabonde, mabwawa, mashamba ya mtama, njia panda. Kila mahali pana picha moja, haizidi. Pakishachorwa, picha ikakubaliwa na kutundikwa, mahali penyewe huondolewa. Sisemi hubomolewa. Huondolewa. Watu huambiwa wabebe wanachoweza, na wakigeuka nyuma baada ya hatua chache hawaoni kilima wala shamba, wanaona uwanda mweupe wa rangi ya karatasi, usio na harufu. Ukiuliza sababu utajibiwa kwa upole kwamba nchi haiwezi kubeba kila kitu mara mbili. Picha ni nyepesi. Picha hainyeshewi, haidai barabara, haina wazee wagonjwa. Hoja hiyo niliwahi kuiona nzuri. Niliiona nzuri kwa miaka mingi, na nilikula nikashiba.

Ila picha haikubaliwi hivihivi. Sharti ichorwe kwa maji ya mahali penyewe, tena maji hayo yatolewe na mwenyeji kwa mkono wake na kwa ridhaa yake. Msidhani ni ushirikina. Maji ya magadi huikatakata rangi ikawa chembechembe. Maji yaliyopita penye mwamba mwekundu huiachia rangi ya nili kutu pembeni. Maji ya mvua hulala tu, hayana la kusema, kwa sababu hayajakaa na mtu. Nimelijua hili kwa vidole vyangu kabla sijalijua kwa akili, na sasa sina lingine la kuamini: mahali si kile kinachoonekana. Kinachoonekana kinaweza kuigwa na mkono wowote wenye adabu. Mahali ni kile kilichoyeyuka ndani ya maji yake, ambacho wenyeji wamekinywa tangu utotoni bila kukiomba, mpaka kikawa mfupa, kikawa namna yao ya kucheka, kikawa ukaidi wao. Mchoraji asiyekuwa na maji ya mahali ana kilima tu. Na nchi imejaa vilima.

Basi mwenyeji gani atatoa kwa ridhaa maji ya kuchorea kwao ili paondolewe? Hakuna. Ndiyo maana sisi wachoraji tulikuwa na desturi yetu, haikuandikwa popote, kila mmoja alifunzwa na aliyemtangulia. Ukifika unapiga hodi, unasimama mlangoni, unasema una kiu. Ni hilo tu. Sikuwahi kufika mahali nikasema nina kiu nikanyimwa. Watu walionitilia shaka, watu waliokwisha kusikia habari zetu, mama mmoja ambaye mkono wake ulikuwa unatetemeka kwa hasira, wote walinipa maji. Nikishapewa nageuka, namimina nusu kwenye kikopo cha brashi, na kazi imeanza. Nimesema nina kiu mara nyingi kuliko nilivyosema jina langu. Jina langu ni Salehe, kama kuna anayelihitaji. Na kiu yenyewe sikuwa nayo hata mara moja, mpaka safari hii.

*

Siku niliyopewa karatasi ya Mwinamo, karani aliniuliza kama napajua. Nikasema nimepasikia. Nilisema hivyo kwa sauti ya kawaida, nimesimama kwenye foleni, nyuma yangu mtu anakohoa. Kumbe kukana kwenu hakuhitaji jogoo wala hukumu.

Mwinamo ndiko nilikozaliwa. Ni mteremko mmoja na chemchemi moja, nyumba zake zimeegemea mlima, na watu wake hutembea wameinama kidogo hata wakiwa tambarare. Huko alikuwa amebaki shangazi yangu, Bi Mwantumu, dada wa baba yangu, aliyenilea baada ya baba kufa. Yeye ndiye mwangalizi wa chemchemi. Pale chemchemini pana kata moja tu ya kuchotea, na kila mwenye kufika, mkubwa kwa mdogo, hutaja jina lake, naye shangazi humchotea. Haulizwi atokako. Haulizwi dini wala ukoo. Lakini kata ikifudikizwa, mdomo chini, juu ya jiwe mbele ya mtu, mtu huyo hana maji Mwinamo tena. Tangu nizaliwe sikuiona ikifudikizwa. Nilisikia tu ilitokea mara moja, zamani, kwa mtu aliyechoma shamba la mjane.

Nikakaa na karatasi ile magotini nikiwaza. Kuikataa sikuweza, angepewa mwingine. Kuiharibu kwa makusudi sikuthubutu, maana anayeiharibu karatasi kwa makusudi huchorwa yeye mwenyewe, na mnajua kinachofuata baada ya mtu kuchorwa. Lakini mwenzetu mmoja aliyeitwa Chande aliwahi kurudi bila picha kwa sababu karatasi yake ililiwa na mbuzi. Karatasi ya mahali hukatwa mara moja tu. Jina la mahali pale likafutwa kwenye orodha, pakaachwa. Papo hadi leo, na mbuzi yule alikufa kwa uzee akiwa na heshima zake.

Nikasema: nitaharibu kama mbuzi. Kwa bahati mbaya, bila makusudi yanayoonekana. Nitaichora Mwinamo kwa maji yasiyo ya Mwinamo. Picha itaonjwa kwa ulimi, kama zinavyoonjwa zote, itakataliwa, karatasi itakuwa imekwisha, nami nitasema kibuyu kilichanganyika njiani. Nilijiona mjanja. Wahenga walisema damu nzito kuliko maji, nami nilijivunia kwamba hatimaye nimewaelewa.

Mtauliza kwa nini sikuimwagia chai tu, yakaisha. Nimejiuliza hilo mara nyingi na jibu ni la aibu. Nilitaka kuichora. Nilikuwa nimechora kwao watu wengine wote, nikawa stadi kwa hasara yao, na sasa nilikuwa na ruhusa ya kuchora kwetu. Nilitaka Mwinamo isalimike na nilitaka picha ya Mwinamo. Vyote viwili. Hapo ndipo niliposhika njia.

*

Njia ya kwenda Mwinamo hupita katikati ya kazi zangu.

Uwanda mweupe. Hapa palikuwa na bwawa la viboko, nililichora kwa rangi ya majani na masizi. Hapa palikuwa na soko la mbuzi. Hapa, nadhani hapa, palikuwa na mama wa mkono uliotetemeka. Hapana kivuli, maana kivuli huhitaji kitu. Nilitembea siku nzima na nyayo zangu mwenyewe zikawa zinanijia kwa mbele, za viatu vilevile, zikipishana nami bila salamu. Niliogopa. Nikajiambia mtu hawezi kuogopa nyayo zake, nikaendelea kuogopa.

Kibuyu changu kikaisha kabla ya adhuhuri. Nilikuwa nimepanga kuchota maji ya kupotoshea popote njiani, nikasahau jambo ambalo mchoraji mwanafunzi angelikumbuka: mahali pakiondolewa, maji yake huondoka napo. Njia nzima hapakuwa na tone, na aliyeyakausha ni mimi. Midomo ikapasuka. Ulimi ukakauka ukawa kitu kigeni kinywani. Nikaanza kusema peke yangu: nina kiu, nina kiu. Neno nililolitumia kama ufunguo wa bandia, siku hiyo likanigeukia likawa la kweli.

Ukingoni mwa uwanda nikaona moshi wa jikoni. Palikuwa na nyumba chache zisizo kwenye orodha yoyote ninayoijua, mtama umeanikwa mikekani, na katikati yake kishimo chenye kisima cha mdomo wa jiwe. Mwanamke mmoja alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga. Sikupiga hodi. Sikumbuki kama nilisalimu. Nilisema nina kiu, nikaanguka kwa magoti.

Hakuniuliza kitu. Alinishika kisogo kwa mkono mmoja kama ashikavyo mtu mtoto mwenye homa, akaninywesha kidogokidogo, akininyima kila nilipotaka kugugumia. Maji yalikuwa na uchungu mdogo, ule unaokuja nyuma ya ulimi ukishameza. Aliona uso wangu akacheka. Akaniambia uchungu huo unazoeleka, kwamba mumewe alipokuja kuposa alisema maji haya hayanyweki kabisa, na sasa ni mwaka wa ishirini yupo hapo anayanywa na kulalamika. Jina lake Siwema. Nilimuuliza mahali pao panaitwaje, akafikiri, akasema hapajaitwa bado, hakuna aliyewahi kuuliza. Wao husema nyumbani.

Akanijazia kibuyu mpaka shingoni.

"Unakwenda wapi na jua hili?" akaniuliza.

"Kwetu."

"Haya, baba. Aendaye kwao hakosi maji. Lakini chukua haya ya njiani."

Nikachukua ya njiani. Nakumbuka uzito wake begani, na nakumbuka nilikuwa mwenye furaha.

*

Shangazi aliponiona akaniita Mbelwa, jina la marehemu baba yangu. Hakujirekebisha. Macho yake yamefifia, lakini sidhani sababu ilikuwa macho. Kuna watu wakikutazama wanamwona aliyekutangulia amesimama ndani yako, wanasema naye yeye, wewe ukangoja zamu yako. Nilimwamkia, nikapokea mkono wake kichwani. Akaiona karatasi iliyokunjwa kwapani na akajua, kwa sababu nchi ilikuwa imekwisha kujua kazi yetu hata huko juu.

Alinisogeza chemchemini, akakaa juu ya jiwe lake, akaishika kata.

"Maji nitakupa, Mbelwa. Hapa hanyimwi mtu. Ila sema mwenyewe ni ya nini."

Nilikuwa na majibu mengi. Ningeweza kumweleza hila yangu yote, tukacheka pamoja, akanipa ushauri, maana ana akili kuliko mimi. Ningeweza kusema nina kiu. Nilishindwa yote mawili. Nikakipiga kibuyu kofi nikasema ninayo yangu. Alikitazama kibuyu, akanitazama, akairudisha kata mahali pake.

Nikapanda juu kidogo, nikaweka ubao magotini, nikailowesha karatasi kwa maji ya Siwema. Jua likasimama.

Mbichi. Leo.

Sasa nitasema kuhusu kuchora, na anayeona anachoshwa aruke, ingawa humu ndimo nilimopotea. Katika rangi za maji nuru haichorwi. Nuru ni karatasi yenyewe pale ulipokuwa na busara ya kutogusa. Kwa hiyo mchoraji wa maji huanza kwa kuamua ataacha nini, na anayeacha vizuri ndiye bingwa. Niliacha paa la nyumba ya shangazi. Niliacha njia ya chemchemini. Niliacha upande mmoja wa kila jiwe. Kisha nikauvuta mteremko kwa udongo mwekundu niliousaga mwenyewe, mvuto mmoja kutoka bega hadi bonde, na mkono haukutetemeka. Nilikuwa mtoto kwenye mteremko ule nilipokuwa naushusha. Nilikuwa baba yangu pia, nikipanda. Nikanusa ugali wa mtama wa mchana wa kwanza, kisha wa pili, na sikuweza kusema ni njaa ya mwaka gani niliyokuwa nayo tumboni. Nililia, na nilikuwa mwangalifu chozi lisidondoke karatasini.

Halafu rangi zikaanza kufanya vyake. Nili ilipaswa kulala juu ya mlima kama inavyolala kwa maji ya Mwinamo, laini na baridi, lakini ilijikunja, ikawa na ukingo wa kahawia. Rangi ya majani ikagandamana. Na katikati ya mteremko, mahali nilipokuwa nimepita mara moja tu, rangi ikajikusanya yenyewe ikafanya kishimo. Mwinamo hapana kishimo pale. Nikakifuta kwa brashi kavu. Kikarudi. Nikakifuta tena, kikarudi na ukingo mgumu kukizunguka, mviringo, wa jiwe.

Sikukitambua. Au nilikitambua nikanyamaza. Siku hizi siwezi tena kutofautisha mambo hayo mawili, nami nimechoka kujaribu. Ninachojua ni kwamba karatasi ilikuwa mbichi. Ilikuwa bado leo. Ningeweza kuinuka, kuiburuta matopeni, kusema nimeteleza. Lakini picha ilikuwa nzuri, nzuri kupita zote nilizowahi kuchora, na kile kishimo ndicho kilichoikamilisha. Mlima wote uliegemea kwake. Nikasema moyoni: hilo ndilo kosa, na kosa ndilo nililolitaka, acha likae.

Kavu. Jana. Jua likaondoka juu ya bega la Mwinamo, kuku wakapata nafuu.

*

Mwonjaji wa Nyumba ya Sura ni Bwana Rijali, mtu mpole sana. Kwa miaka thelathini hajala pilipili wala kitunguu, wala chumvi, ili ulimi wake usipotoke. Hula ndizi za kuchemsha na kila anayemwona akizila huingiwa na huruma. Aliiweka picha yangu mezani, akaitazama kwanza kwa macho kwa adabu ya kawaida, akasema ni kazi nzuri, pengine iliyo bora katika nyumba nzima. Nikaona haya na nikaona fahari. Kisha akainama, akagusisha ncha ya ulimi kwenye pembe ya karatasi.

Alikaa hivyo kitambo. Akagusa tena.

Akasema haya si maji ya Mwinamo. Mwinamo kuna utamu wa mwamba, alikwisha kuletewa kichupa chake zamani. Nikaanza hadithi yangu ya kibuyu kilichochanganyika, nikiwa nimeinamisha kichwa vizuri, nikingoja neno moja, imeharibika. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema nisihangaike. Akasema picha haijaharibika hata kidogo.

"Jicho lako limechora kilima," aliniambia. "Maji yamechora kwao. Sisi hufuata maji."

Akamwita karani. Jina la Mwinamo likakatwa kwenye orodha, kwa sababu karatasi yake imetumika na haikatwi mara ya pili. Mpaka hapo hila yangu ilikuwa imefaulu kama nilivyoipanga. Kisha akawaagiza waonjaji wadogo washike njia niliyoijia, waonje kisima baada ya kisima mpaka wakutane na uchungu ule mdogo unaokuja nyuma ya ulimi. Aliwaeleza uchungu huo kwa ufasaha mkubwa. Hata mimi niliyeyanywa nisingeweza kuueleza vile.

Nimekuwa na muda wa kuyafikiri haya. Nilikuwa nikiamini Nyumba ya Sura inataka bonde hili au mto ule, kwa sababu fulani iliyo juu ya akili yangu. Haitaki hivyo. Inataka mahali. Popote. Ukiinyima kwenu haikukasirikii hata kidogo, inafungua mkono uleule kwa jirani. Na uani kwake, hatua chache kutoka meza ya Bwana Rijali, pana mfereji ambao tuliosha brashi zetu kila siku. Laiti ningejaza kibuyu pale. Laiti Mwinamo yangu ingechorwa kwa maji ya Nyumba yenyewe, ulimi ule ukayafuata, Nyumba ikaondoka na mawe yake yote. Wazo hilo lilinijia siku nyingi baadaye. Maji yalikuwa yamekwisha kumwagika, na maji yakimwagika hayazoleki.

Mbele ya meza ile yalikuwepo maneno mawili ya kusema. Nichoreni mimi. Niliyahisi meno yakiyazuia. Nikaomba ruhusa ya kwenda nyumbani, nikapewa, pamoja na pongezi.

*

Mwinamo walinipokea kwa vigelegele. Habari ya jina kukatwa ilikuwa imenitangulia. Wazee wakanishika mikono yote miwili, wakasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, wakamsifu shangazi. Tukachinjiwa kuku, mmoja wa wale waliochanganyikiwa. Nikala paja. Shangazi hakunisifu wala hakunilaumu. Aliniita Salehe, jina langu, kwa mara ya kwanza tangu nirudi, akaniambia nile kwa sababu nimekonda. Nilipoitwa jina langu nilitaka kumwambia. Mdomo ulikuwa na nyama. Nilipomaliza nyama, nafasi ilikuwa imepita.

Nikakaa. Siku zikarudi kuwa siku. Kila asubuhi niliteremka chemchemini nikataja jina langu nikachotewa, na kila nilipokunywa nilisikia nyuma ya ulimi uchungu usiokuwemo majini.

Walifika asubuhi, kwa upande wa uwandani. Tuliwaona kwa mbali kama madoa, kwa sababu nyuma yao hapakuwa na kitu cha kuwafanya waonekane watu. Mikeka ilikuwa imeviringwa vichwani. Mzee mmoja, ambaye bila shaka ni yule mume aliyelalamikia maji miaka ishirini, amebeba mlango. Mlango mzima, na bawaba zake. Mbele yao Siwema na sufuria yake kichwani, na miguu yao wote myeupe kwa vumbi la mahali pasipokuwapo.

Shangazi alikuwa jiweni. Hakuuliza wametoka wapi. Aliniambia nishike ndoo nichote, kwa sababu walikuwa wengi na kata moja peke yake isingewatosha. Nikachota. Wakapanga mstari, kila mmoja akataja jina lake kwa sauti iliyokauka, akanywa. Niliinamisha uso ndani ya chemchemi kila nilipochota, nikauinua kila nilipolazimika, na mstari ukawa unasogea.

Siwema alitaja jina lake, akanywa kata nzima bila kupumua. Akaifuta midomo. Akasema maji ya hapa matamu. Kisha akaniona. Aliona uso, akaona kibuyu kilichoning'inia kiunoni mwangu, kilekile alichokijaza mpaka shingoni, na mimi nikaona hesabu yote ikipita machoni mwake taratibu, kuanzia sufuria na mchanga mpaka mlango mgongoni mwa mumewe. Nilitamani anipige. Nilitamani apige kelele, watu wajue, yaishe. Hakufanya hivyo. Alisema kwa sauti ya mtu anayejaribu kukumbuka sawasawa, asimzulie mwenziwe.

"Ulisema una kiu."

"Nilikuwa nayo," nikamwambia. "Wallahi siku ile nilikuwa nayo."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo jambo la kweli pekee nililokuwa nalo, na halikumfaa kitu. Akaitikia kwa kichwa, akaondoka mstarini, akaenda kukaa kwenye kivuli cha nyumba ya shangazi, kivuli alichokuwa hajakiona kwa siku kadhaa.

Shangazi alimtazama Siwema, akakitazama kibuyu, akakumbuka, nilimwona akikumbuka, kofi nililokipiga siku ile nikisema ninayo yangu. Akaendelea kuwanywesha waliobaki. Akamnywesha mzee wa mlango, akamsaidia kuutua. Akamnywesha mtoto wa mwisho, aliyelala kabla hajamaliza.

Mimi nilikuwa nimechota tangu asubuhi na jua lilikuwa kichwani. Shati limeloa, koo limekauka. Niliweka ndoo chini, nikasogea mbele ya jiwe kama wenzangu, nikataja jina langu, nikanyoosha mikono.

Shangazi alinitazama kwa muda mrefu, na safari hii alikuwa ananitazama mimi, hakuwa anamtazama mtu mwingine yeyote ndani yangu. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Akaikung'uta kata, tone la mwisho likaanguka mawe yakalinywa, akaifudikiza juu ya jiwe.

"Wewe ulishakunywa," akasema.